Fainali ya Kombe la FA la Wanawake Uingereza: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kila mwezi Mei unapokaribia, maswali kuhusu fainali hii huanza kumiminika: nani kabeba mara nyingi, mechi inaanza saa ngapi kwetu, kwa nini bingwa haendi Ulaya, na kama kuna dada yetu yeyote wa Afrika anayecheza huko. Nimeyakusanya hapa yale yanayojirudia zaidi. Mengine nimeyajibu kwa mistari miwili kwa sababu hayahitaji zaidi, na mengine nimeyaeleza kwa kirefu kwa sababu historia ya kombe hili inastahili kuelezwa yote. Takwimu zote zinaishia fainali ya Mei 2025.

Hii ni fainali ya mashindano gani hasa?

Ni Kombe la FA la Wanawake, michuano ya mtoano inayosimamiwa na Chama cha Soka cha Uingereza, FA. Humo zinacheza klabu kubwa kama Chelsea, Arsenal na Manchester City, na pia timu za mitaani ambazo wachezaji wake Jumatatu asubuhi wanarudi kazini kama kawaida. Usilichanganye na Kombe la Ligi la wanawake. Lile lilianza mwaka 2011 na ni la klabu za madaraja ya juu peke yake.

Lilianza lini?

Msimu wa 1970/71. Fainali ya kwanza ilichezwa tarehe 9 Mei 1971 kwenye uwanja wa Crystal Palace, London, na Southampton wakaichapa Stewarton and Thistle mabao 4-1. Stewarton walikuwa timu ya Scotland. Miaka ile milango ilikuwa wazi kwa klabu za nje ya England, na timu 71 zilijitosa. Pat Davies alifunga mabao matatu siku ile.

Kombe la FA la wanaume lilianza 1871. Kwa nini la wanawake lilichelewa karibu miaka 100?

Kwa sababu wanawake walizuiwa. Hili ndilo jambo ambalo ningependa kila anayeitazama fainali hii alijue kabla filimbi haijapulizwa, maana watu wengi hudhani wanawake ndio kwanza wameanza kupenda mpira.

Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia wanaume walikuwa vitani, na wanawake wakajaa viwandani kushika kazi zao. Huko viwandani wakaanzisha timu. Iliyovuma kuliko zote ilikuwa Dick, Kerr Ladies, ya wafanyakazi wa kiwanda cha Dick, Kerr mjini Preston. Walicheza mechi za hisani, na fedha za viingilio zikaenda kwa majeruhi wa vita na wengine wenye shida. Vita vikaisha, watu wakaendelea kufurika. Tarehe 26 Desemba 1920, Dick, Kerr walicheza na St Helens kwenye uwanja wa Goodison Park, Liverpool, mbele ya watazamaji 53,000. Maelfu wengine walibaki nje kwa kukosa nafasi. Dick, Kerr walishinda 4-0, na mechi hiyo moja ilikusanya zaidi ya pauni 3,000, fedha nyingi mno kwa wakati ule.

Haukupita hata mwaka. Tarehe 5 Desemba 1921, FA ikatoa azimio kwamba mpira wa miguu haufai kabisa kwa wanawake na usihamasishwe. Ikadai pia kwamba sehemu kubwa ya fedha za viingilio ilikuwa inaishia kwenye gharama badala ya kwenda kwa wahitaji. Klabu wanachama zikaamriwa zisiwape wanawake viwanja vyao. Ukimnyima mchezaji uwanja wenye majukwaa, umemnyima watazamaji, na ukimnyima watazamaji umemnyima kiingilio. Waliobaki walicheza kwenye mashamba na viwanja vya bustani za umma. Dick, Kerr wenyewe waliendelea, na Lily Parr, winga wao aliyekuwa na mguu wa kushoto wa hatari, alicheza kwa miaka mingi baada ya marufuku. Lakini timu nyingi zilikufa.

Marufuku hayo yalidumu karibu miaka 50. Mwaka 1969 wanawake waliunda chama chao wenyewe, Women's Football Association, na chama hicho ndicho kilichoanzisha kombe hili. FA ililichukua rasmi mwaka 1993 tu. Kwa hiyo mtu akikuuliza mpira wa wanawake Uingereza umeanza lini kupata watu, mjibu: ulikuwa na watu 53,000 mwaka 1920, na uliporudi uwanjani baada ya marufuku ulikuta kila kitu cha kuanza upya.

Nani amelibeba mara nyingi zaidi?

Arsenal, mara 14. Wanafuatiwa na Southampton wenye 8, kisha Chelsea na Doncaster Belles wenye 6 kila mmoja. Manchester City wana 3.

Arsenal walianza kulitwaa mwaka 1993 na kati ya 2006 na 2009 walilichukua mara nne mfululizo. Msimu wa 2006/07 walibeba kila kitu kilichowekwa mezani: ligi, Kombe la FA, Kombe la Ligi la zamani (lililokuwepo kabla ya hili la 2011) na ubingwa wa Ulaya. Aliyeijenga timu ile ni Vic Akers, ambaye kwa miaka yote hiyo alikuwa pia mtunza vifaa wa timu ya wanaume ya Arsenal. Siku moja anapanga jezi za akina Thierry Henry, siku nyingine anapanga kikosi cha fainali. Mara ya mwisho kwa Arsenal kulibeba ni 2016. Tangu hapo wamefika fainali mbili, 2018 na 2021, na zote wamefungwa na Chelsea.

Southampton wanasahaulika sana, na si haki. Walicheza fainali zote tisa za mwanzo, kuanzia 1971 hadi 1979, wakashinda saba. Walizopoteza ni mbili tu: 1974 mbele ya Fodens, timu ya kiwanda cha malori, na 1977 mbele ya QPR, timu ya London. Mwaka uliofuata waliwalipa QPR kwa kipigo cha 8-2, Pat Chapman akifunga mabao sita peke yake. Timu ile ilikuwa ikijitegemea, haikuwa tawi la klabu ya wanaume ya Southampton.

Doncaster Belles ni akina nani? Mbona siwaoni Ligi Kuu?

Swali hili huulizwa na vijana, na jibu lake linaniuma. Belles walianzishwa mwaka 1969 na wanawake waliokuwa wakiuza tiketi za bahati nasibu kwenye uwanja wa Belle Vue, mjini Doncaster, siku za mechi za wanaume. Waliona mpira ukichezwa mbele yao kila wiki, wakaamua wacheze na wao. Kati ya 1983 na 1994 walifika fainali 11 katika miaka 12. Rudia kusoma sentensi hiyo. Ni mwaka 1989 tu ndio hawakufika, na katika fainali hizo walishinda sita.

Ligi Kuu ya Wanawake ilipoanzishwa mwaka 2011 walikuwemo. Mwaka 2013 FA ikatangaza kwamba msimu unaofuata Belles watashushwa daraja na Manchester City watapewa nafasi, kwa vigezo vya leseni, wakati msimu wenyewe ndio kwanza umeanza. Mwaka 2018 Belles walishinda ligi ya daraja la pili, lakini kwa kukosa fedha wakalazimika kushuka badala ya kupanda. Ninaamini kwamba soka la wanawake lilihitaji fedha za klabu kubwa, na Manchester City wamelifanyia mengi mazuri. Lakini waliolibeba mgongoni wakati halina hata senti walistahili kuagwa kwa heshima kuliko vile.

Timu inafikaje fainali?

Msimu huanza na raundi za awali, timu ndogo zikichujana zenyewe kwa zenyewe kwa kuzingatia maeneo yao. Baadaye inakuja raundi ya kwanza yenyewe, ya pili, na katika ya tatu zinaingia klabu za daraja la pili. Klabu za Ligi Kuu huingia raundi ya nne, mwezi Januari. Kisha raundi ya tano, robo fainali, nusu fainali na fainali. Kila hatua ni mechi moja, hakuna marudiano. Anayefungwa anaenda nyumbani.

Maana yake klabu ya Ligi Kuu inahitaji kushinda mechi tano tu kubeba ndoo, wakati timu ya chini ingehitaji kushinda zaidi ya kumi. Ndiyo sababu timu ndogo ikifika robo fainali, mji mzima unatoka. Lewes, klabu ya mji mdogo kusini mwa Uingereza, walifika hapo Machi 2023 na kuwakaribisha Manchester United kwenye kiwanja chao kiitwacho Dripping Pan. Walifungwa 3-1, lakini waliifanya United itoe jasho.

Fainali huchezwa Wembley tangu mwanzo?

Hapana. Ilihamia Wembley mwaka 2015. Kabla ya hapo ilitangatanga: Nottingham, Derby, Coventry, Bristol, Doncaster, Milton Keynes, popote palipopatikana.

Watazamaji wangapi huenda?

Hapa panahitaji namba, maana namba zenyewe zinasimulia. Fainali ya kwanza pale Wembley, Agosti 2015, Chelsea walipoifunga Notts County 1-0 kwa bao la Mkorea Ji So-yun, walikuja watu 30,710. Mwaka 2016 wakawa 32,912. Mwaka 2017 wakafika 35,271, na 2018 wakaruka hadi 45,423. Mwaka 2020 mechi ilichezwa bila mtazamaji hata mmoja kwa sababu ya korona. Mwaka 2022 wakafika 49,094.

Halafu 2023: watu 77,390. Hiyo ndiyo rekodi ya fainali hii. Mwaka 2024 walikuwa 76,082, na 2025 walikuwa 74,412.

Kilichotokea kati ya 2022 na 2023 si siri. Julai 2022 timu ya taifa ya wanawake ya Uingereza ilitwaa ubingwa wa Ulaya hapo hapo Wembley mbele ya watu 87,192, na wasichana waliowaona akina Chloe Kelly siku ile waliwavuta wazazi wao warudi uwanjani. Pia 2023 ndiyo mara ya kwanza Manchester United kutinga fainali, na mashabiki wa United hawahitaji kuitwa mara mbili. Bado sherehe ya namba hizi ina uchungu ndani yake. Ilichukua miaka zaidi ya mia kuzipita zile 53,000 za Goodison katika mechi ya klabu za wanawake Uingereza.

Fainali ipi niitafute niitazame kama sijawahi kuona hata moja?

Ya Mei 2022, Chelsea na Manchester City. Bila kusita.

Sam Kerr anaipa Chelsea bao la kuongoza dakika ya 33. Lauren Hemp anasawazisha kabla ya mapumziko. Dakika ya 63 Erin Cuthbert anaachia kombora kutoka nje ya boksi, linagonga mwamba wa juu na kuzama wavuni. Chelsea wanaanza kuhesabu dakika. Ya 89, Hayley Raso anasawazisha, 2-2, na upande wa mashabiki wa City, wenye bluu ya mbingu, unalipuka. Mechi inaingia dakika za nyongeza. Dakika ya 99, Kerr anachukua mpira karibu na katikati ya uwanja, anakimbia nao peke yake huku mabeki wa City wakirudi nyuma badala ya kumkabili, anapiga, mpira unamgonga beki, unabadili mwelekeo na kumwacha kipa akiwa ameshaelekea kwingine. Chelsea 3, City 2. Tazama hasa namna mabeki wanavyorudi nyuma. Kila mmoja anasubiri mwenzake aende kumzuia.

Ukipata muda zaidi, itafute ya 2010, Everton na Arsenal. Arsenal walikuwa hawajapoteza fainali kwa miaka, na Natasha Dowie akawafunga dakika ya 119, mechi ikaisha 3-2. Na ile ya 2021 ina uzito wake wa kipekee, kama utakavyoona katika swali linalofuata.

Ni kweli fainali moja ilichezwa siku ya kumbukumbu ya marufuku?

Kweli. Korona ilisogeza michuano ya msimu wa 2020/21, na fainali yake ikaangukia tarehe 5 Desemba 2021. Miaka 100 kamili tangu siku ile ya azimio la 1921. Watu 40,942 walikaa kwenye majukwaa ya uwanja mkubwa kuliko yote ya FA kutazama kile ambacho FA hiyo hiyo ilisema hakifai.

Na mpira wenyewe ulikuwa mtamu. Fran Kirby aliifungia Chelsea dakika ya 3. Kerr akaongeza la pili dakika ya 57, na la tatu dakika ya 77, lile ambalo mashabiki bado wanalizungumza: akiwa nje kidogo ya boksi, kipa wa Arsenal, Manuela Zinsberger, katoka langoni, Kerr akaudokoa mpira ukapaa taratibu juu ya kichwa chake na kuangukia wavuni. Chelsea 3, Arsenal 0.

Sam Kerr amefunga fainali ngapi?

Tatu mfululizo. Mabao mawili 2021, mawili 2022, na moja 2023, lile pekee lililoizamisha Manchester United dakika ya 68 baada ya pasi ya Pernille Harder. Mwaustralia huyu alikuwa akizaliwa upya kila alipokanyaga Wembley.

Manchester United hawajawahi kushinda?

Wameshinda, Mei 2024. Klabu ilirudisha timu ya wanawake mwaka 2018 tu, jambo ambalo kwa klabu yenye ukubwa ule ni aibu ya muda mrefu. Mwaka 2023 walifika fainali na kufungwa, huku bao la Leah Galton la sekunde za mwanzo kabisa likikataliwa kwa kuotea. Mwaka uliofuata wakarudi na kuichapa Tottenham 4-0. Bao la kwanza la Ella Toone, mwishoni mwa kipindi cha kwanza, lilikuwa la mbali na lilienda moja kwa moja kwenye pembe ya juu. Rachel Williams alifunga la pili kwa kichwa, na Lucía García akamalizia mawili. Kwa Tottenham ilikuwa fainali yao ya kwanza.

Nani alibeba 2025?

Chelsea, 3-0 mbele ya Manchester United. Sandy Baltimore alifunga mawili, la kwanza kwa penalti, na Catarina Macario moja. Kwa ushindi huo Chelsea walikamilisha makombe matatu ya ndani: ligi bila kupoteza mechi hata moja katika 22, Kombe la Ligi na Kombe la FA. Huo ulikuwa msimu wa kwanza wa kocha Sonia Bompastor, Mfaransa aliyerithi kiti cha Emma Hayes. Hayes alikuwa ameibebesha Chelsea kombe hili mara tano, kwa hiyo viatu alivyoachiwa Bompastor vilikuwa vikubwa, na alivivaa bila kujikwaa.

Mechi ikiisha sare?

Dakika 30 za nyongeza, kisha mikwaju ya penalti. Fainali mbili zimewahi kuamuliwa kwa matuta: Croydon na Liverpool mwaka 1996, na Birmingham City na Chelsea mwaka 2012 baada ya sare ya 2-2. Hilo ndilo kombe pekee la FA ambalo Birmingham City wanawake wamewahi kulitwaa.

Bingwa anapata fedha kiasi gani?

Chache kuliko anavyostahili, ingawa hali imebadilika. Hadi msimu wa 2021/22 bingwa wa wanawake alikuwa akipewa pauni 25,000 wakati bingwa wa wanaume akipewa pauni milioni 1.8. Msimu wa 2022/23 FA ilipandisha mfuko mzima wa zawadi za wanawake hadi takriban pauni milioni 3, na msimu uliofuata ukafika pauni milioni 6. Bingwa wa 2024 alipata pauni 430,000. Bingwa wa wanaume mwaka huo huo alipata pauni milioni 2.

Waliopiga kelele mpaka namba hizo zikasogea ni pamoja na wale Lewes niliowataja. Mwaka 2017 klabu yao iliamua kutenga bajeti sawa ya wachezaji wa kike na wa kiume, na tangu hapo imekuwa ikidai hadharani kwamba FA nayo ifanye hivyo kwenye kombe. Hoja yao ina mashiko, hasa kwa timu ndogo. Klabu ya daraja la tatu ikishinda mechi ya raundi ya pili, fedha ile ndiyo nauli ya basi ya mechi za ugenini, ndiyo daktari wa viungo, ndiyo kodi ya kiwanja cha mazoezi. Pengo la zawadi linawaumiza zaidi wao kuliko Chelsea, ambao wangeishi hata bila kombe.

Bingwa anaenda Ligi ya Mabingwa Ulaya?

Haendi. Nafasi za Uingereza katika Ligi ya Mabingwa ya Wanawake zinatokana na msimamo wa ligi peke yake. Kwa maoni yangu hilo ni kosa. Tiketi ya Ulaya ingeifanya klabu ya katikati ya msimamo iingie uwanjani Januari ikiwa na sababu ya kupanga kikosi chake bora.

Kuna Waafrika katika michuano hii? Watanzania je?

Wapo. Asisat Oshoala wa Nigeria, mmoja wa washambuliaji wakubwa kuwahi kutoka Afrika, alikuwa mchezaji wa Arsenal waliponyakua kombe mwaka 2016 kwa bao la Danielle Carter dhidi ya Chelsea.

Kwa Watanzania, jina la kujivunia ni Aisha Masaka. Alitamba na Yanga Princess, akaenda BK Häcken ya Sweden, ambako alifika hadi hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa Ulaya, na mwaka 2024 akasajiliwa na Brighton ya Ligi Kuu ya Wanawake Uingereza. Klabu zote za ligi hiyo hushiriki Kombe la FA, kwa hiyo msichana anayecheza leo kwenye kiwanja cha vumbi Singida au Mwanza ana mtu wa kumwonyesha kwa kidole njia ilipopita.

Mpira wa wanawake hauna kasi. Kwa nini niutazame?

Nalijibu kwa sababu wanaouliza wengi huuliza kwa nia njema. Uwanja ni ule ule, goli ni lile lile, dakika ni 90. Mwili wa mwanamke na wa mwanamume unatofautiana, na kwa hiyo mpira mrefu wa kukimbiza una nafasi ndogo zaidi na pasi fupi zina nafasi kubwa zaidi. Mtu anayependa kuona timu inavyojipanga ataona mengi: namna viungo wanavyosogea kupokea, namna beki wa pembeni anavyopanda, wapi nafasi inafunguka. Pia utaona muda mchache unaopotezwa kwa kujiangusha na kumzonga mwamuzi. Tazama dakika 20 za kwanza za fainali yoyote niliyoitaja bila kulinganisha na chochote. Ukizimaliza, utakaa hadi mwisho.

Inaanza saa ngapi kwa saa zetu?

Muda hutangazwa kila mwaka, lakini hesabu ni rahisi. Mwezi Mei Uingereza wako kwenye saa za kiangazi, hivyo Tanzania, Kenya na Uganda tunawatangulia kwa saa mbili. Fainali ya 2025 ilianza saa 7:30 mchana kwao, ikawa saa 9:30 alasiri kwetu. Rwanda, Burundi na mashariki ya Congo wanawatangulia kwa saa moja: saa 8:30 mchana. Walioko Oman ni saa tatu: saa 10:30 jioni.

Ninaishi Uingereza, nataka kwenda na watoto. Nijiandae vipi?

Nunua tiketi mapema kwenye tovuti ya FA. Tangu 2023 si fainali ya kuamka siku hiyo na kuamua. Bei yake iko chini sana ukilinganisha na fainali ya wanaume, na familia ni nyingi, kwa hiyo watoto hawatakuwa wapweke.

Shuka kituo cha Wembley Park, njia ya Metropolitan au Jubilee. Ukitoka utaliona tao la uwanja mbele yako, na njia pana ya Olympic Way inakupeleka moja kwa moja, mwendo wa kama dakika kumi kwa miguu. Mkubaliane sehemu ya kukutania mtu akipotea. Sanamu ya Bobby Moore mbele ya uwanja ni alama ambayo kila mhudumu anaijua. Begi lisizidi ukubwa wa karatasi ya A4, ama sivyo utarudishwa mlangoni. Ndani hawapokei fedha taslimu, beba kadi. Na fika saa nzima kabla, maana wachezaji wanapopasha misuli huwa karibu na majukwaa ya chini, na wengi wao wakiitwa na mtoto kwa jina hugeuka na kupunga mkono.